Samahani ya Nunow

Daktari Abdikarim hakujua chochote kuhusu baiskeli na hakuona haya kusema hivyo. Alikuwa amehamishiwa Garissa kutoka Wajir mwaka huo, akapanga nyumba Bulla Iftin, ukuta kwa ukuta na nyumba ya akina Rukiyo, na kazi ya kukaa kitini kutwa ilikuwa imeanza kumpa kitambi. Aliposikia kwamba Korane, muuza vitu vikuukuu wa soko la Suuq Mugdi, ana baiskeli ya mbio ya zamani, ya chuma, aina ambayo watu wa Nairobi huitafuta kwa udi na uvumba, alikwenda kubisha mlango wa jirani.

"Mwalimu, twende ukanitazamie," alisema. "Mimi nikiitazama nitaona magurudumu mawili tu."

Rukiyo alifundisha fizikia katika shule ya upili ya wasichana. Baiskeli alizijua tangu siku za chuo huko Nairobi, ambako yeye na mdogo wake Nunow walikuwa wakinunua fremu kuukuu, wakizifungua hadi nati ya mwisho, wakizisafisha na kuzifunga upya. Lakini sasa hakuwa amegusa baiskeli tangu Nunow agongwe na gari miaka kadhaa nyuma kwenye barabara ya Modika, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Kitu chochote chenye pedali alikipita akitazama pembeni. Angekataa, ila Abdikarim ndiye aliyekuwa akivuka ukuta jioni kumwosha Nunow vidonda sugu vya lile gutu la mguu bila kuitwa. Mtu kama huyo humwambii hapana.

Walimkuta Korane akipanga redio na pasi za mkaa mbele ya duka. Baiskeli alikuwa ameiegemeza peke yake, mahali ambapo mpita njia hawezi kukosa kuiona. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ya kung'aa, nyekundu ya malango ya maduka.

"Hii si ya kuendea dukani, daktari," alisema Korane. "Huyu ni farasi."

"Tutamwona," alisema Rukiyo.

Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaipima uzito, akaishusha. Aliyagonga mabomba ya fremu kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Chuma chembamba, chepesi, cha mikono iliyojua kazi. Mahali mabomba yalipokutana palikuwa na viungo vilivyochongwa ncha kama majani. Vijiti vya kubadilishia gia vilikuwa kwenye bomba la chini, kama vya baiskeli zote za mbio za enzi hizo. Akalizungusha gurudumu la mbele akaliachia. Lilizunguka, likazunguka, bila kuyumba wala kugusa breki, mlio wake mwororo kama wa nyuki aliye mbali. Alijikuta anatabasamu. Kwa dakika kadhaa alikuwa amesahau kwamba anazichukia baiskeli.

"Ustadi wake unauona hapa," alimwambia Abdikarim. "Hawa walikuwa mafundi. Chuma hiki kinanesa kidogo unapopita shimo, mikono haikuumi."

"Kwa hiyo ni nzuri?"

"Mbele ni nzuri."

Alihamia nyuma, na tabasamu likaanza kumtoka. Gurudumu la nyuma halikuwa pacha wa la mbele. Lilikuwa zito, la bei rahisi, na kibadilisha gia kilichoning'inia chini yake kilikuwa kipya cha bati.

"Korane, gurudumu la zamani liko wapi?"

"Lilikufa."

"Lilikufaje?"

"Vitu vya zamani hufa, mwalimu. Hata sisi tutakufa."

Rukiyo alitoa uzi wa kushonea kwenye mkoba. Akaufunga nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, akaupitisha mbele kwenye shingo ya fremu, akaurudisha nyuma upande wa pili. Fremu iliyonyooka huuacha uzi ukiwa mbali sawasawa na bomba la kiti, kulia na kushoto. Hapa upande wa kulia kidole chake kilipita kwa shida. Upande wa kushoto vilipita viwili.

"Nyuma imekaa upande," alisema. "Daktari, panda. Nenda mpaka pale kwenye kibanda cha chai urudi. Usipinde, nenda moja kwa moja tu."

Abdikarim alikwenda huku magoti yakitoka nje kama ya mtu aliyepanda punda. Rukiyo alisimama katikati ya njia akimtazama kwa nyuma. Gurudumu la nyuma halikuufuata mstari wa la mbele. Lilikuwa linatembea pembeni yake, kama kaa. Aliporudi, daktari alikuwa ameridhika kabisa.

"Tamu sana!" alisema.

"Shuka nijaribu."

Alikusanya abaya, akaifunga fundo juu ya suruali, akapanda. Wanaume wa kibanda cha chai waliacha mazungumzo. Mmoja alisema, "Abaayo, dada, shuka, utaanguka," mwingine akacheka. Rukiyo aliwapita. Mbele, chini ya viganja vyake, baiskeli ilikuwa hai. Iliitika kabla hajamaliza kufikiri anataka kwenda wapi. Nyuma ilikuwa kama mtu anayekuvuta nguo. Mnyororo uliruka alipokanyaga kwa nguvu. Aliinua mikono kutoka kwenye usukani mara moja tu, na baiskeli ikaanza kwenda kulia yenyewe, kuelekea kwenye mfereji.

Aliporudi dukani alikuwa na hukumu tayari.

"Iligongwa. Ikanyooshwa na mtu asiyejua, ikapakwa rangi ili isionekane. Mbele ina thamani kubwa. Nyuma ni ya kutupa. Bei anayoitaka Korane ni ya baiskeli nzima, na hii si nzima."

"Mwalimu, usinikatie riziki," alisema Korane. "Imegongwa nani kakuambia?"

"Rangi itatuambia."

Kabla hajazuiwa alichukua ufunguo wa nyumba, akakwaruza chini ya bomba, karibu na mahali pa pedali, pasipoonekana na mtu. Alitaka tu kumwonyesha Abdikarim kilichofichwa. Nyekundu ilibanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake palitokea buluu.

Buluu ya mbingu, imefifia kidogo. Rukiyo alikwaruza tena, juu zaidi. Buluu. Akapitisha kidole kwenye bomba la chini mpaka kwenye matundu mawili ya kufungia chupa ya maji. La juu lilikuwa katikati. La chini lilikuwa limetobolewa pembeni, upana wa punje ya mchele, kwa sababu aliyeshika drili alikuwa akicheka siku ile, na dada yake alimgombeza mchana kutwa kwa kuiharibu fremu nzuri.

Aliinuka polepole.

"Umeipata wapi hii?"

Korane aliiona sura yake, akaacha mzaha. "Nimeinunua kwa halali."

"Sikukuuliza hivyo. Wapi?"

"Kwenye yadi ya Hared. Walikuwa wanasafisha vyuma vikuukuu. Kijana anayelinda lango alitaka kuiondoa, mimi nikampa pesa nikaichukua. Kuna nini?"

"Hii ni baiskeli ya ndugu yangu."

Abdikarim alisogea kuutazama mkwaruzo.

Mji mzima ulijua habari ya Nunow na Hared. Hared alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye magari ya kubebea ng'ombe na Land Cruiser nyeupe. Alfajiri ile alikuwa peke yake barabarani, akitoka mjini. Alisema Nunow alikuwa anarudi mjini, amekuja upande usio wake, uso kwa uso na gari, na kwamba yeye alijitahidi kumkwepa. Nunow aliumia kichwa na hakukumbuka chochote, hata kama alikuwa anakwenda au anarudi. Hakukuwa na shahidi. Maafisa wa polisi waliandika walichoambiwa. Wazee wa pande mbili wakaketi, wakaona mwenye kosa ni mwenye baiskeli, Hared akasema hadai lolote kwa gari lake lililobonyea, akashukuriwa kwa uungwana wake, na Fatiha ikasomwa kulifunga jambo. Baiskeli, walivyoambiwa, ilikuwa imesagika ikatupwa.

Na Nunow alikwenda kumwomba Hared samahani. Hilo ndilo lililokuwa likimkaba Rukiyo miaka yote. Alikwenda na bandeji, amebebwa begani. Akaenda tena siku ya Idd na magongo, akasimama mlangoni pa Hared mbele ya wageni na watoto, akasema, "Nisamehe kwa niliyokuletea." Hared akampapasa bega. Tangu hapo Nunow hakurudi kufundisha katika shule ya kambi ya Dagahaley, wala kwingine. Alikaa uani akisikiliza redio, na mtu akimsemesha alianza jibu lake kwa kujilaumu.

"Korane," alisema Rukiyo, na sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Ulipoipata, nini kilikuwa kimevunjika?"

"Mwalimu, mimi—"

"Nini kilivunjika?"

"Nyuma," alisema Korane. "Gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjwa kama chapati. Hizi bomba za nyuma zilikuwa zimeingia ndani. Nikampelekea mchomeleaji akazivuta."

"Na mbele?"

"Mbele hatukugusa. Nimeipaka rangi tu."

Rukiyo alipiga magoti kwenye vumbi. Foki ya mbele, ule uma unaoshika gurudumu, ilikuwa imenyooka, na alipoikwaruza, chini ya nyekundu yake palikuwa na buluu ileile ya asili. Baiskeli inayovaana uso kwa uso na gari, foki hurudi nyuma ikagusa fremu, na bomba la chini hukunjamana karibu na shingo. Hata ikipata fundi hodari kiasi gani, mkunjo huo haufutiki. Alipitisha vidole pale shingoni, juu, chini, pembeni. Laini. Gurudumu la mbele, lile lililokuwa likiimba, lilikuwa lilelile walilolifunga wao wawili. Akakwaruza nyuma. Huko hakukuwa na buluu. Nyekundu, kisha dongo la kuzibia, kisha chuma kitupu chenye makovu ya moto.

"Alimgonga kwa nyuma," alisema. "Nunow alikuwa upande wake, anakwenda zake, naye akamgonga kwa nyuma." Kisha akapiga kelele, kelele zilizowafanya wanaume wa kibandani wasimame: "Akamwacha aombe samahani! Akampapasa bega!"

Aliushika usukani. Korane naye akaushika.

"Mwalimu, iache hapa. Hared ni mtu mkubwa. Usiniingize."

"Toa mkono."

"Nina watoto."

"Toa mkono, Korane, au, wallahi, nitasimama hapa sokoni nitangaze ulichoniambia sasa hivi, kwa jina lako na la mama yako."

Abdikarim aliuweka mkono wake juu ya ule wa Korane, bila nguvu. "Mwachie," alisema. "Likija neno, mimi ndiye niliyekuja kununua. Sema nimeichukua mimi."

Korane aliachia. Alichukua kitambaa akaanza kufuta redio ambayo haikuwa na vumbi.

*

Waliipakia kwenye pikapu ya Abdikarim. Rukiyo hakwenda kwa Nunow kwanza. Alitaka mtu mzima asimame mbele, mtu wa kusikilizwa na wanaume, kwa hiyo alikwenda kwa adeer Siyad, ndugu mkubwa wa marehemu baba yao. Yeye ndiye aliyewalea, na ndiye aliyewawakilisha siku ile wazee walipoketi. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yao, ua mmoja.

Adeer Siyad alikuwa amekaa kwenye mkeka akisugua meno kwa mswaki. Aliiona baiskeli ikishushwa. Rukiyo alianza kueleza huku akionyesha foki, matundu ya chupa, makovu ya nyuma. Alieleza haraka, maneno yakigongana. Ilimchukua muda kutambua kwamba ami yake haulizi swali lolote.

"Adeer, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Alimgonga kwa nyuma!"

"Jambo hilo lilikwisha, Rukiyo. Fatiha ilisomwa."

"Ilisomwa juu ya uongo."

Mzee aliuweka mswaki chini. Hakumtazama. Alikuwa anaitazama baiskeli, ile sehemu ya nyuma, na ilikuwa namna ya kutazama ya mtu anayekutana na kitu anachokijua. Rukiyo alisogea akasimama kati yake na baiskeli.

"Wewe ndiye uliyefika kwanza barabarani siku ile," alisema. "Wewe ndiye uliyetuambia imesagika yote."

"Rukiyo."

"Uliiona."

"Keti chini kwanza."

"Uliiona, adeer? Niambie uliiona!"

"Niliiona," alisema Siyad, na sasa yeye pia alipandisha sauti. "Niliiona, nikamwona na kijana amelala kwenye damu, na Hared anatetemeka kama mtoto. Ulitaka nifanye nini? Binti yangu ameolewa na ndugu wa Hared. Alikuwa na mimba wakati huo. Koo mbili zimekaa kwa amani tangu kabla hujazaliwa. Ningesema, ingekuwa kesi, ingekuwa kisasi, binti yangu angerudishwa na mtoto tumboni. Koo mbili zivunjike kwa sababu ya mguu?"

"Mguu wa nani?"

Hakuwa Rukiyo aliyeuliza. Nunow alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, makwapa yake juu ya magongo, redio ndogo ikiendelea kusema kwenye mfuko wa shati. Hakuna aliyemsikia akija.

Aliizima redio. Akasogea mpaka kwenye baiskeli, akayalaza magongo, akajishusha chini taratibu. Dada yake alitaka kumsaidia. Alimzuia kwa kiganja. Aliikagua jinsi alivyokuwa akizikagua zote, akianzia shingoni. Vidole vyake vilipita chini ya bomba, vikasimama kwenye tundu lililokosewa, vikaendelea. Alizungusha gurudumu la mbele akasikiliza mlio wake hadi likasimama. Alipofika nyuma, aliweka kiganja kizima juu ya chuma kilichochomelewa, akakiacha hapo.

"Nilikuwa upande wangu," alisema.

"Ulikuwa upande wako," alisema Rukiyo.

"Nilikuwa nakwenda."

"Ulikuwa unakwenda."

Adeer Siyad alisema, "Mwanangu, mimi nilikuwa nataka—"

"Ulinishika mkono siku ile," alisema Nunow bila kugeuka. "Siku ya kwanza. Nilikuwa nimebebwa, nawe umenishika mkono mpaka kwa Hared, ukinifundisha maneno ya kusema kwa sababu ulimi ulikuwa mzito. Ulinifundisha neno kwa neno." Hapo ndipo sauti yake ilipokatika, kisha ikarudi nyingine kabisa, ambayo Rukiyo hakuwahi kuisikia kwake. "Nipeni magongo. Daktari, gari lako lina mafuta?"

*

Baada ya swala ya alasiri Hared alikuwa na desturi ya kukaa kwenye baraza ya mkahawa mmoja karibu na soko la mifugo, yeye na madalali na wazee, vikombe vya chai ya maziwa mbele yao. Siku hiyo alikuwepo pia mzee Guleid, mnunuzi wa ngamia aliyekuwa mwenyekiti wa kikao kile cha suluhu, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Pikapu ilisimama. Abdikarim aliishusha baiskeli. Rukiyo akashuka akaipokea, na Nunow akashuka wa mwisho.

"Assalamu alaikum," alisema Nunow.

Walimwitikia wote. Mtu mmoja alimsogezea kiti. Hakukaa.

"Hared, baiskeli hii unaijua?"

Hared alitupa jicho. "Baiskeli ni nyingi."

"Hii imetoka kwenye yadi yako."

"Kwenye yadi yangu kuna vyuma vingi, kijana. Kaa unywe chai."

"Nilikuomba samahani mara mbili," alisema Nunow. "Mara ya kwanza nimebebwa. Mara ya pili siku ya Idd, mlangoni kwako, watoto wako wakinitazama. Nimekuja kuichukua. Nirudishie samahani yangu."

Hared alicheka kidogo, akawatazama wenzake. "Samahani hairudishwi kama sufuria."

Wawili watatu walicheka naye. Rukiyo aliisukuma baiskeli mpaka katikati ya vikombe, kijiko kikaanguka.

"Chekeni," alisema. "Kisha mtazame. Mzee Guleid, wewe ulihukumu bila kuiona. Itazame sasa. Mliambiwa alikuja uso kwa uso. Niambie, gari linagonga uso wa baiskeli, halafu linavunja mkia?"

"Binti, hapa ni mahali pa wanaume," alisema mmoja.

"Basi afanye mwanamume mmoja kazi ya kutazama!"

Mzee Guleid alikuwa tayari ameinuka. Hakujua baiskeli, lakini maisha yake yote alikuwa akikagua wanyama ambao wenyewe huficha kilema, na alijua kukagua. Alishika foki akaitikisa. Alipapasa fremu yote bila haraka, akainama nyuma, akakaa hapo. Alipoinuka alimgeukia Hared.

"Alikutokea mbele?"

"Mbele, wallahi—"

"Usiape," alisema mzee Guleid. "Nimekuuliza tu."

Hared alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira, na alianza kusema kwa ukali, kama mtu aliyeonewa. "Kwani mnanitaka nini? Nililipa hospitali ya kwanza mimi! Nani huendesha baiskeli giza halijaisha? Nilikuwa na simu, watu wa Griftu wananipigia kuhusu ng'ombe, ningejuaje? Nilisikia kishindo tu, nikadhani ni mbuzi!"

Kila mtu alikuwa amesikia, na yeye mwenyewe alikuwa amejisikia.

"Ulidhani ni mbuzi," alisema Nunow.

Hared alikaa. Alisogeza kikombe chake, akakirudisha. "Niliogopa," alisema. "Siyad alikuja akasema tutafute njia. Mimi niliogopa."

Alinyoosha mkono. Ulibaki hewani, juu ya meza, kitambo. Nunow aliutazama, kisha akageuza magongo yake akaelekea kwenye gari. Nyuma yake kelele zililipuka, kila mmoja akimlaumu mwenziwe, na sauti ya mzee Guleid ilikuwa juu ya zote, ikimtaja Siyad kwa jina.

*

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Ndugu wa Hared walikuja na kuondoka. Kulikuwa na waliosema Rukiyo amefukua kaburi, na mama mmoja wa shuleni kwake alimwambia mwanamke anayepanda baiskeli sokoni hawezi kukosa kuleta fitina. Binti wa adeer Siyad alirudishwa kwao pamoja na mtoto, kisha baada ya siku kadhaa akafuatwa na mumewe. Nunow alifungua kesi. Alipoulizwa na wazee anataka nini, alisema korti itasema ya korti, lakini yeye ana lake moja: Hared aseme kwa kinywa chake, uani pa msikiti, baada ya swala ya Ijumaa, nani aligonga nani na vipi.

Hared alisema. Rukiyo alikuwa upande wa wanawake, ameegemea ukuta. Alimsikia akianza kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayemeza dawa. Kisha akasikia gongo likigonga saruji.

"Sikusikia," alisema Nunow. "Rudia."

Hared akarudia, kwa sauti.

Rukiyo alidhani atapoa siku hiyo. Hakupoa. Alikwenda nyumbani akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nunow ndiye aliyeonekana kubadilika. Alikuwa akigomba sasa, akigombana na Abdikarim juu ya mguu wa bandia anaoutaka na anaoletewa, akigomba chai ikiwa baridi, na alikuwa ameandika barua ya kuomba kazi tena, ingawa aliirarua mara mbili akisema maneno yake ni ya unyonge. Mtu aliyekaa kimya kwa muda mrefu hivyo, nyumba nzima ilimstahimili.

Jioni moja adeer Siyad aliuvuka ua. Alikuwa amevaa kofia yake nzuri, ile ya kwenda nayo kwa wakwe. Alibisha kwenye mlango ambao maishani mwake hakuwahi kuubisha. Rukiyo alimkaribisha, kwa sababu ni ndugu wa baba yake na ni mzee. Alimtandikia mkeka, akamletea chai yenye iliki kama anavyoipenda, akaketi mbali naye.

Mzee alikunywa nusu ya kikombe.

"Nimekwenda kwa Nunow," alisema. "Amenisikiliza. Hakunijibu."

Rukiyo alifunika birika.

"Sasa nimekuja kwako. Nimekosa, binti yangu. Nakuomba unisamehe."

Alikuwa amezeeka mwaka huo. Rukiyo aliutazama mkono ulioshika kikombe, akakumbuka kwamba mkono huo ulimlipia karo, ulimpeleka Nairobi, ulimzika baba yake. Alikumbuka pia kwamba mkono huohuo ulimshika Nunow ukamwongoza mpaka mlangoni pa Hared. Hasira ilimpanda tena, mbichi kabisa.

"Bado, adeer," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Rukiyo alichukua birika akamwongezea chai.